Jinomu imesomwa, dawa haionekani: kosa liko wapi?

Ujumbe wa namna hii hunifikia kwenye simu karibu kila muhula, mara nyingi usiku: "Dada, programu imeniletea vishada 84! Nimepata dawa mpya?" Anayeandika ni kijana aliyechota tope la mikoko Kunduchi, akaotesha bakteria, akatoa DNA, akaipeleka kusomwa, akasubiri miezi. Furaha yake naijua, nami niliwahi kuwa nayo. Lakini jibu langu la kwanza huwa ni swali: jinomu yako iko katika vipande vingapi?

Kwa asiyeyazoea maneno haya: jinomu ni DNA yote ya kiumbe, na bakteria wa udongoni, hasa jamii ya Streptomyces, hutengeneza kemikali za kujilinda, za kupashana habari na za kunasa madini. Jeni zinazoshirikiana kutengeneza kemikali moja kwa kawaida hukaa pamoja mahali pamoja kwenye jinomu, zimeshikana kama zabibu kwenye kishada. Streptomycin, antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa jamii hiyo. Kisha mwaka 2002 jinomu ya Streptomyces coelicolor ikachapishwa, watafiti wakahesabu vishada zaidi ya 20, ilhali kemikali zilizokuwa zimejulikana kutoka kwake, baada ya miaka mingi ya kumchunguza, zilihesabika kwa vidole. Tangu hapo wengi wetu tunasoma jinomu kwanza, kisha ndipo tunaitafuta kemikali.

Matumaini hayo ni ya kweli. Ila njiani pana utelezi mwingi, na kwa niliyoyaona, tatizo linalojitokeza kwenye kompyuta mara nyingi lilizaliwa kwenye chupa ya kuoteshea au kwenye mrija wa DNA. Kwa hiyo kila dalili hapa chini naifuata kwa kurudi nyuma.

Vishada ni vingi mno, na vingi vimekatika

Streptomyces wa kawaida ana vishada kama 20 hadi 50. Ukipewa 84, usisherehekee bado. Fungua matokeo ya antiSMASH, ile programu inayotafuta vishada, uangalie ni vingapi vimewekewa alama kwamba vimefika ukingoni mwa kipande cha DNA. Kama zaidi ya nusu vina alama hiyo, basi una vishada thelathini na kitu vilivyokatwakatwa, kila kipande kikahesabiwa kivyake.

Sababu yake naielezaga kwa kanga. Chukua kanga moja, ikate vipande vya ukubwa wa kiberiti, vichanganye, umpe mtu ambaye hajawahi kuiona aiunge upya. Penye jina la kanga hatasumbuka, maana kila neno lina mahali pake. Kwenye mji atahangaika kidogo, atapata. Akifika kwenye pindo, ambako ua lile lile linajirudia kuizunguka kanga nzima, atakwama. Kila kipande kinafanana na mwenzake, na hana namna ya kujua kama ua lilijirudia mara 20 au mara 30. Mtu mwaminifu ataunga mpaka pindo linapoanzia, aache hapo. Programu ya kuunga jinomu hufanya hivyo hivyo.

Na vishada vikubwa vimejaa pindo. Vimeng'enya vinavyojenga erythromycin vimeandikwa kwenye jeni tatu kubwa, kila moja ina herufi zipatazo 10,000, na ndani ya zote tatu kwa jumla mna moduli sita zinazofanana sana, kila moja ikiongeza kiungo kimoja kwenye molekuli. Visomo vya mashine ya Illumina, yaani vipande vya DNA ambavyo mashine imevisoma, vina herufi 150 hadi 300 tu. Kisomo cha ufupi huo kikiangukia katikati ya moduli, hakuna wa kujua kama ni moduli ya pili au ya tano. Pia katika herufi nne za DNA, Streptomyces ana G na C kiasi cha asilimia 72, na hatua ya PCR, ya kunakili DNA iwe nyingi, wakati wa kuandaa sampuli huzipunja sehemu za namna hiyo, zikasomwa mara chache kuliko nyingine.

Kubadilisha programu ya kuunga mara kumi hakusaidii. Nimeona mtu akipoteza mwezi mzima akijaribu vigezo vya kila aina, na habari anayoitafuta haimo kabisa ndani ya visomo vyake. Kinachotakiwa ni visomo virefu, vya mashine za Nanopore au PacBio, vyenye maelfu na makumi ya maelfu ya herufi. Hicho ni kipande cha kanga kinachoanzia kwenye jina, kikapita pindo lote, kikatokezea upande wa pili. Ukifanikiwa utapata kromosomu nzima katika kipande kimoja. Usishtuke programu ikikataa kuifunga iwe duara: kromosomu ya Streptomyces imenyooka, ina ncha mbili, tofauti na bakteria wengi.

Na kama fedha za visomo virefu hazipo? Basi fanya kazi na vishada vidogo vilivyokamilika, vya terpini, vya peptidi fupi, vya kemikali za kunasa chuma. Hivyo havina pindo, na visomo vifupi huvitoa vizima. Yale majitu ya moduli kumi yaache kwa sasa. Hakuna aibu katika hilo, na ni afadhali kuliko kuandika kwenye tasnifu muundo wa molekuli uliotokana na jeni iliyokatwa.

Umelipia visomo virefu, vimekuja vifupi

Hapa mashine haina kosa. Mashine haiwezi kusoma herufi 40,000 kwenye uzi wa DNA uliokatika kila baada ya 5,000. Uliza ulivyoitoa DNA. Njia ya haraka ya kuvunja seli kwa shanga za kioo inafaa kwa PCR, kwa kazi hii inaharibu. Streptomyces ana ukuta mgumu, kwa hiyo mpe lysozyme, kimeng'enya cha kuvunja ukuta huo, muda wa kutosha, saa nzima au zaidi kwenye nyuzi 37, hadi mchanganyiko uanze kuwa mzito kama uji. Vuna bakteria akiwa mchanga, siku ya pili hivi, kabla hajazeeka na kujaa ute. Usitikise kwa mashine, geuza mrija polepole kwa mkono. Ncha ya pipeti ikate kwa wembe uliosafishwa ili tundu liwe pana.

Kisha kuna suala la friji. DNA ndefu iliyokwisha kusafishwa itunze kwenye nyuzi 4, siyo kwenye friza. Kila inapoganda na kuyeyuka inakatika, na kwa jinsi umeme unavyokwenda na kurudi, friza isiyo na jenereta inaweza kuigandisha na kuiyeyusha mara tatu kwa wiki bila wewe kujua.

Kipimo cha Nanodrop kikikuambia una DNA tele, hakikisha kwa Qubit, kipimo kinachohesabu DNA peke yake. Nanodrop hupima kila kinachomeza mwanga, ikiwemo RNA na mabaki ya fenoli. Uwiano wa 260/230, ule wa kupima usafi, ukiwa chini ya 1.5, ute wa sukari au chumvi bado umo, na vitundu vya chipu ya Nanopore vitaziba mapema. Safisha tena, hata kama utapoteza nusu ya DNA.

Jeni ni nyingi mno, na fupifupi

S. coelicolor ana herufi milioni 8.67 na jeni 7,825. Mfanye rula yako. Jinomu ya ukubwa huo ikikuletea jeni 11,000, kuna makosa ya usomaji: mahali penye G sita mfululizo mashine imehesabu tano, mpangilio wa herufi tatutatu ukateguka, na jeni moja ikaonekana mbili au tatu. Kwenye kishada, kimeng'enya kikubwa kitaonekana kimevunjika katikati, nawe utadhani bakteria wako amekipoteza. Tumia kemia ya Nanopore ya R10.4, rudia kutafsiri ishara ghafi za mashine kwa modeli ya usahihi wa juu, ng'arisha jinomu kwa programu ya Medaka, na ukiwa na visomo vya Illumina vya bakteria yule yule, vitumie kumalizia. Tunza ishara ghafi hizo. Modeli za kutafsiri zinaboreshwa kila mwaka, na data uliyoifuta huwezi kuitafsiri upya.

Jinomu ni kubwa kupita kiasi

Milioni 12 au 13? Chora grafu ya G na C. Ukiona vilima viwili, kimoja kwenye asilimia 72 na kingine kwenye 43, una bakteria wawili: Streptomyces wako na Bacillus aliyejipenyeza. Kwenye joto na unyevu wa Dar, Bacillus hutambaa juu ya sahani nzima kwa usiku mmoja. Programu ya CheckM nayo itakuonyesha jeni ambazo zilipaswa kuwa moja zimekuwa mbilimbili. Rudi kwenye sahani, chora mistari upya, chukua koloni moja, rudia mara tatu. Hili halina njia ya mkato.

Kila kishada kinaonekana kipya, au kila kimoja kinaonekana cha zamani

Asilimia ya ufanano inawapoteza watu wengi kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule. Katika matoleo yaliyozoeleka ya antiSMASH, asilimia hiyo inasema ni sehemu gani ya jeni za kishada kinachojulikana zimepata mwenza kwenye kishada chako. Haisemi molekuli zinafanana kiasi gani. Kishada cha jeni moja kikipata mwenza kinakuwa asilimia 100. Kishada kikubwa cha antibiotiki inayojulikana tangu enzi za babu zetu, kikikatwa ukingoni, kinaweza kuonyesha asilimia 20 ukadhani ni kipya. Ndiyo maana swali la vipande lilikuja kwanza.

Kuna wenyeji utakaowakuta karibu kila nyumba ya Streptomyces: ectoine ya kuhimili chumvi, desferrioxamine ya kunasa chuma, hopene, na geosmin. Geosmin unaijua hata kama hujawahi kuisikia kwa jina. Ndiyo harufu ya udongo mvua ya kwanza inapoupiga baada ya kiangazi. Wasalimie, uwapite.

Katika vinavyobaki, mimi huanza na kimoja kwa swali hili: mwenye kupika sumu anajikingaje nayo? Bakteria anayetengeneza kemikali ya kuua bakteria hawezi kuwa hana kinga, na mara nyingi jeni ya kinga hukaa ndani ya kishada chenyewe, ikiwa nakala ya pili ya jeni ya lazima iliyobadilishwa kidogo. Kishada cha salinosporamide, kemikali ya bakteria wa baharini Salinispora tropica iliyofika kwenye majaribio ya kutibu saratani, kina nakala ya ziada ya sehemu ya proteasomu, mtambo wa seli wa kukatakata protini, na proteasomu ndicho kitu chenyewe ambacho molekuli hiyo inakishambulia. Watafiti wakaigeuza hoja hiyo kuwa njia ya kutafutia. Mwaka 2015 walipekua jinomu 86 za Salinispora wakitafuta nakala za ziada za jeni za lazima zilizokaa karibu na vishada ambavyo kemikali yake haijulikani. Wakakuta moja ya utengenezaji wa mafuta, na kishada kilichokuwa kando yake kikawa cha thiolactomycin, inayozuia utengenezaji huo huo. Jeni ya kinga inakuonyesha shabaha kabla hujaiona molekuli. Kwa maabara yenye fedha kidogo, naamini hii ndiyo njia inayolipa zaidi, maana inahitaji kompyuta na akili iliyotulia.

Kishada ni kizima na kizuri, lakini chupa iko kimya

Umepima mchujo wa chupa kwa mashine ya uzito wa molekuli, hakuna kitu. Hii ndiyo hali ya kawaida, siyo ajali. Vishada vingi vimelala. Bakteria hapotezi nguvu kutengeneza silaha katikati ya karamu, na chakula cha maabara ni karamu.

Kwanza ondoa sababu za kijinga. Inkubeta nyingi zinapasha tu, hazipozi. Ukiiweka nyuzi 28 mwezi wa pili kwenye chumba chenye nyuzi 32, ndani mna 32 au zaidi, hata kama kitufe kinasema 28. Tia kipimajoto cha kawaida ndani, ukisome asubuhi na mchana. Nimeona mtu akilaumu jeni kwa kosa la kiyoyozi. Pili, bakteria wa mikoko amezoea chumvi. Salinispora hawaoti vizuri bila maji ya bahari, kwa hiyo tengeneza chakula chako kwa maji ya bahari yaliyochujwa na kuchemshwa kwa mvuke. Tatu, siku. Wengi huvuna siku ya tatu kwa sababu bakteria ameshajaa chupa, na hapo ndipo kazi ya kemikali inaanza tu. Chukua sampuli kila siku hadi ya kumi. Ukitia chembe za rezini ya XAD-16 kwenye chupa, zitainasa molekuli inapotoka, kabla haijavunjika.

Hayo yakishindikana, badilisha chakula. Mbadilishie sukari, chanzo cha naitrojeni, kiasi cha fosfeti (fosfeti nyingi mara nyingi hunyamazisha), mfanye aote kwenye agari badala ya maji, mkuze pamoja na bakteria mwingine wa tope lile lile. Bakteria mmoja kwenye vyakula kumi ni kazi ya mwezi na gharama yake inabebeka.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kumbana kidogo. Streptomyces lividans ana kishada cha actinorhodin, rangi ya buluu, ila kwa kawaida hakitumii. Watafiti wa Japani walipomchagua aliyeweza kuishi penye streptomycin, wakampata mwenye badiliko dogo kwenye protini ya ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, naye akageuka buluu. Sahani chache zenye streptomycin au rifampicin, koloni chache zinazosalia, kila moja unaipima. Huhitaji mashine ya bei mbaya.

Ikiwa kishada kina jeni ya kukiamsha, unaweza kuiongezea nguvu kwa promota, yaani swichi ya jeni, isiyolala. Au hamisha kishada kizima kwa mwenyeji aliyetayarishwa, kama S. albus J1074 au S. coelicolor M1152 ambaye vishada vyake vikubwa viliondolewa ili kisikike cha mgeni. Hiyo ni kazi ya miezi. Ifanye kwa kishada ulichokwisha kukichagua kwa sababu, siyo kwa kila kinachong'aa.

Mchujo hauui chochote

Au pengine unaua kitu ambacho hukukipima. Wakazi wa Dar wengi wamemeza vidonge vya ivermectin pamoja na albendazole kwenye kampeni za kuzuia matende na mabusha. Ivermectin ni avermectin iliyorekebishwa kidogo, na avermectin ilitoka kwa Streptomyces avermitilis aliyetoka kwenye udongo wa Japani, aliyekusanywa na timu ya Satoshi Ōmura. Haiui bakteria. Ingepimwa kwa sahani ya Staphylococcus peke yake ingetupwa. Ilionekana kwa sababu michujo ilijaribiwa kwenye panya wenye minyoo, katika kazi ya William Campbell, na mwaka 2015 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Jinomu ya bakteria huyo ilipochapishwa mwaka 2003 ilikuwa na vishada 30, na cha avermectin ni kimoja tu kati yao. Kwa hiyo gawa mchujo wako: kidogo kwa bakteria, kidogo kwa fangasi, na kama kuna mwenzako Muhimbili au Mlimani mwenye vimelea au seli za saratani, mpelekee.

Hata kwa bakteria, angalia maji ya kupimia. Antibiotiki ya daptomycin haifanyi kazi bila kalisiamu, na kipimo chake cha kawaida huongezewa kalisiamu hadi miligramu 50 kwa lita. Antibiotiki za malacidin, zilizotangazwa mwaka 2018 baada ya kutolewa moja kwa moja kwenye DNA ya udongo bila kumwotesha bakteria mwenyewe, nazo zinategemea kalisiamu. Ukiona kwenye kishada dalili za peptidi ya jamii hiyo, ongeza kalisiamu kabla hujakata tamaa.

Kisa kingine: mchujo mbichi unaua, ukishautenganisha sehemu kwa sehemu nguvu inapotea. Watu hudhani molekuli imevunjika, na huenda ni kweli, hasa kama ulitumia asidi. Lakini jaribu kuzirudisha sehemu pamoja mbilimbili. Antibiotiki za streptogramini ni molekuli mbili tofauti za bakteria mmoja. Kila moja peke yake hudumaza tu, zikiungana zinaua.

Zamani alikuwa anatengeneza, sasa hatengenezi

Hii inauma kuliko zote. Ncha za kromosomu ya Streptomyces hazitulii. Ukimhamisha sahani hadi sahani mara nyingi, hupoteza vipande vikubwa vya ncha hizo, na vishada vingi hukaa huko. Dalili ya mapema ni koloni zenye upara, zisizo na unga wa mbegu juu. Usiendelee na mstari huo. Rudi kwenye mrija wa kwanza.

Na mrija wa kwanza uwe upo. Mimi niliwahi kupoteza mkusanyiko wa tope la Kunduchi kwenye friza moja, mwisho wa wiki mmoja ambao umeme ulikatika Ijumaa jioni na hakuna aliyejua hadi Jumatatu. Kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kilikuwa bado hai, nikarudi kwenye mikoko, maji yakiwa yametoka, mahali pale pale nilipokuwa nimepaandika. Nilipata bakteria wengi. Niliyemtaka sikumpata.

Sasa kila bakteria anayeonyesha dalili namweka mahali patatu: mbegu kwenye gliserini asilimia 20 katika friza mbili zilizo majengo tofauti, na mbegu kavu kwenye udongo uliochemshwa kwa mvuke na kukaushwa, ndani ya chupa iliyofungwa, kabatini. Hiyo ya udongo ni njia ya wazee wa kazi hii. Haihitaji umeme, na mbegu za Streptomyces hukaa humo miaka mingi. Kwenye kila chupa naandika tarehe, mahali, chakula alichooteshwa, na amehamishwa mara ngapi.